Pendleton Hakukiandika Kitabu Kile

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mlichapisha barua nne za wasomaji kuhusu kitabu kimoja cha Mack Bolan, shujaa wa riwaya za mapigano za Kimarekani, mojawapo ya vile vya miaka ya mwisho ambavyo namba zake zimevuka 400. Wa kwanza anasema Don Pendleton, aliyemuumba Bolan, amechoka, apumzike. Wa pili anamshutumu kwamba siku hizi anaandika kwa tamaa ya fedha. Wa tatu anamshauri avirudie vitabu vyake vya mwanzo ajikumbushe alivyokuwa akiandika. Ushauri mzuri, isipokuwa Pendleton alifariki mwaka 1995. Kitabu kinacholalamikiwa kilitoka zaidi ya miaka kumi na mitano baada ya mazishi yake.

Wasomaji hao siwalaumu. Jina la marehemu limetandazwa juu ya jalada, na mtu anayenunua kitabu cha kusomea safarini hana sababu ya kulitilia shaka. Ninayemlaumu, niwie radhi, ni wewe Mhariri. Uhakiki wenu ndio uliozichokoza barua hizo, na ndani yake mmeandika "mwandishi Don Pendleton" mara tatu, kana kwamba mlizungumza naye juzi.

Pendleton alianza mfululizo wa The Executioner, yaani Mnyongaji, mwaka 1969, akichapishwa na kampuni ya Pinnacle. Bolan ni sajenti, mdunguaji aliyepigana Vietnam, anayerudishwa nyumbani kuzika wazazi na dada yake. Baba alikuwa amebanwa na deni la wakopeshaji wa Mafia. Binti akaingia ukahaba ili lilipwe. Baba alipojua, akashika bunduki akaimaliza familia na nafsi yake. Akabaki mdogo wake Bolan, Johnny, peke yake. Kutoka kaburini Bolan anakwenda moja kwa moja vitani, na vita hiyo ikachukua vitabu 38. Vyote aliviandika Pendleton isipokuwa namba 16, kilichotoka kwa jina la Jim Peterson wakati yeye na mchapishaji wake wakivutana. Wapenzi wa mfululizo huu hadi leo wanakinyooshea kidole kitabu kile, kwa hiyo manung'uniko ya "huyu siye Bolan wetu" yana umri wa nusu karne. Hayakuanza na barua zenu.

Mwaka 1980 Pendleton alikubaliana na Harlequin, kampuni ileile ya Kanada iliyojitajirisha kwa hadithi za mapenzi, na kuanzia 1981 Bolan akawa anatoka chini ya chapa yao ya Gold Eagle. Hapo ndipo waandishi vivuli, wanaoandika kwa jina la mtu mwingine, walipoingia, tena kwa wingi. Kitabu kilitakiwa kitoke karibu kila mwezi, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuhimili mwendo huo. Sisi tuliokulia kwa Willy Gamba na Joram Kiango hili linatutatiza kidogo, kwa sababu tumezoea shujaa anayeandikwa na mkono mmoja: Musiba na Gamba wake, Mtobwa na Kiango wake. Wamarekani kwa muda mrefu wameliendesha jambo hili kama karakana. Mfululizo wa Deathlands, ulioanza 1986, unabeba jina la James Axler, na James Axler hakuwahi kuzaliwa. Vingi vya mwanzo viliandikwa na Laurence James. Walau hapo anayetukanwa hayupo. Kwa Bolan, matusi yanamwangukia mtu aliyekuwa na mwili na kaburi.

Halafu jina la mwandishi wa kweli halijafichwa. Fungueni ukurasa wa hakimiliki, ule ambao sote tunauruka, mtaona mstari mmoja wa herufi ndogo za kuumiza macho ukimshukuru fulani kwa mchango wake katika kazi hii. Huyo fulani ndiye aliyeketi mezani akaandika kurasa zote. Mimi mwenyewe nilisoma vitabu hivi miaka mingi bila kuuona mstari huo. Niliushtukia siku niliposoma viwili mfululizo nikaona kwamba katika kimoja Bolan haongei ila akiulizwa, na katika kingine hanyamazi. Tangu hapo nina daftari. Kila kitabu ninachokipata, kwanza naandika jina la aliyeshukuriwa, kisha ndipo naanza kusoma. Mke wangu anasema nimekuwa karani wa masjala. Lakini daftari limenisaidia: sasa nafuata mwandishi, namba siijali.

Na daftari hilo ndilo linalonifanya nisikubaliane na wazo lililo chini ya barua zote tatu za mwanzo, kwamba Bolan aliharibika mara tu alipotoka mkononi mwa muumba wake. Kitabu kilichowahi kuniliza katika mfululizo mzima ni namba 62, Day of Mourning, cha mwaka 1984. Humo anauawa April Rose, mwanamke aliyempenda Bolan, pale maadui wanapoishambulia kambi yao ya siri ya Stony Man, kule Virginia. Kitabu hicho hakikuandikwa na Pendleton. Alikiandika Stephen Mertz, mwandishi kivuli. Yupo pia Michael Newton, aliyeandika makumi ya vitabu hivi, na vingine kati ya hivyo vinasimama bega kwa bega na vile vya mwanzo. Kwa hiyo kusema kitabu ni kibovu kwa sababu kimeandikwa na kivuli ni sawa na kusema chakula hakina chumvi kwa sababu mpishi humjui.

Suala la umri nitalipitia haraka. Mwandikaji wa barua ya pili amepiga hesabu kwamba mtu aliyekuwa na miaka kama thelathini mwaka 1969 sasa amevuka themanini, na hawezi kuruka kutoka helikopta. Hesabu yake ni sahihi na haina maana yoyote. Mashujaa wa vitabu vya mfululizo hawazeeki; anayetaka shujaa mwenye baridi yabisi akasome riwaya za aina nyingine.

Kubwa lililosemwa liko katika barua ya tatu, tena kwa sentensi moja tu, mwandikaji akaliacha hapo. Alisema alipomaliza kitabu alikuwa anazijua bunduki zote kwa majina na hajui Bolan anajisikiaje. Hilo ndilo. Bastola za Bolan tunazijua, Beretta 93-R na Desert Eagle, zimekuwa naye miaka mingi kama fimbo ya mzee. Kitabu kile kinatueleza uzito wake, idadi ya risasi, aina ya mfuko wa kiunoni, kisha kinahamia kwa bunduki za adui na kuzifanyia hivyohivyo, hadi inafika mahali risasi zinalia na mimi napiga miayo. Kwa Pendleton bunduki zilikuwapo pia, tena nyingi, lakini palikuwapo na daftari la vita. Bolan alikuwa anaandika. Baada ya kuua watu kumi na wawili alikaa gizani akajiuliza amekuwa mtu wa namna gani, na kama kuna siku atastahili kurudi kuishi na watu wa kawaida. Vietnam walimwita Mnyongaji, na wengine wakamwita Sajenti Huruma kwa jinsi alivyohudumia wanakijiji waliojeruhiwa. Majina yote mawili yalikuwa yake. Mfululizo mzima ulisimama juu ya mvutano huo.

Kitabu mlichokihakiki kimemwachia jina moja tu. Anaingia mji wa kigeni akijiita Matt Cooper, anaua wanaostahili kuuawa, anapanda ndege anaondoka. Hakuna usiku hata mmoja anaokaa na nafsi yake. Sidhani kama mwandishi alishindwa. Kuna ukurasa mmoja tu katikati, pale Bolan anapomsaidia mzee aliyeangukiwa na ukuta, ambapo nilihisi kalamu inajua inachofanya. Nadhani alipewa muda mfupi, idadi ya kurasa ya kutimiza, na mhariri aliyejali zaidi idadi ya milipuko. Lawama hapo naipeleka kwenye karakana. Fundi namwachia.

Barua ya nne ni ya kijana aliyesema hiki ndicho kitabu cha kwanza cha Bolan alichosoma, amekipenda, na anauliza aendelee na kipi. Sijui kwa nini mliiweka chini kabisa, kwa herufi ndogo, kama tangazo la kupotelewa na kitambulisho. Kijana, usisikilize kelele zetu wazee. Tafuta namba moja, War Against the Mafia, uone moto ulikowashiwa. Kisha ruka mpaka namba 62. Gold Eagle yenyewe ilifungwa baada ya HarperCollins kuinunua Harlequin mwaka 2014, hivyo vingi utavipata vikiwa vimechakaa, kurasa za manjano, pengine jalada halipo. Usijali jalada, mradi ukurasa wa hakimiliki haujang'olewa.

Kwako Mhariri nina ombi dogo. Chapisha masahihisho katika toleo lijalo: kwamba kitabu kile hakikuandikwa na Don Pendleton, na jina la aliyekiandika mliweke hapo, kwa herufi za kawaida. Mnalo tayari, mgeuze jalada tu. Na tangu sasa mkihakiki vitabu vya namna hii, mhakiki wenu aanze kwa ukurasa ule. Kama atataka kuliazima daftari langu, nitampa, alimradi alirudishe.

Wako,
Msomaji wa miaka mingi