Barua ya wazi kwa wastaafu wenzangu mnaotafuta gari-nyumba lililotumika

Ndugu zangu wastaafu, na ninyi mliobakiza miezi michache kazini,

Nasikia wengi wenu mnataka kununua gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani, muanze kusafiri bila kuulizwa na mtu mtarudi lini. Siwakatazi. Mimi na mke wangu tumelala ndani ya gari kama hilo usiku mwingi sana, na zipo alfajiri tulizoziona kupitia dirisha lake ambazo sitazisahau. Lakini gari letu la kwanza lilikula sehemu kubwa ya akiba yetu, na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Kijana akinunua gari bovu anaumia, kisha mwisho wa mwezi unafika, mshahara unaingia, anaanza kujenga upya. Kiinua mgongo kinaingia mara moja tu. Kikishatoka kwa pupa hakirudi. Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu, msinunue katika ile miezi ya kwanza ya furaha ya kustaafu, mkono ukiwa mwepesi na kila gari linaonekana zuri. Kodini kwanza la namna ile ile mnayoitamani, mkae nalo wiki nzima, ikiwezekana wiki ya mvua. Fedha ya kukodi itawauma, lakini wapo waliogundua wiki hiyo kwamba hawayapendi maisha haya kabisa, wakarudi nyumbani na akiba yao nzima.

Sasa niwaeleze letu lilivyokuwa. Lilikuwa na umri wa miaka 11, kilomita chache, limesuguliwa likang'aa. Nilifungua boneti, nikasikiliza injini, nikachungulia chini kutafuta kutu. Injini ilikuwa nzima na mpaka tunaachana nalo sikuwa na neno nayo. Miezi mitatu baadaye mvua ilinyesha usiku kucha. Mke wangu alipeleka mkono nyuma ya kabati la nguo kutafuta shuka, akaniita kwa sauti ya chini. Nilibonyeza ukuta kwa kidole gumba, kikazama kama kwenye sifongo. Nilipochana ile karatasi nzuri ya ukutani, ambayo ilikuwa imebandikwa muda mfupi kabla ya kuuzwa, nilikuta mbao zimegeuka unga mweusi unaonuka udongo. Fundi alipofungua zaidi, uozo ulikuwa umeteremka mpaka sakafuni.

Tatizo langu ni kwamba nilikagua gari nikasahau kukagua nyumba. Kuta za mengi ya magari haya, hasa ya zamani, zina fremu ya mbao, katikati yake kuna povu la kuzuia joto na baridi, nje ganda jembamba la alumini au faibaglasi, ndani plaiwudi. Kila panapoungana, na kila palipotobolewa kwa ajili ya dirisha, taa au tundu la hewa, pamezibwa kwa gundi. Gundi hiyo hukauka kwa jua na kupasuka kwa mtikisiko wa barabara. Ufa mwembamba kama unywele unatosha. Maji yakishaingia hayana pa kutokea. Yanashuka polepole ndani ya ukuta, na siku mnapoliona doa, yameshakaa humo miaka.

Kwa hiyo tafuteni maji kabla ya kitu kingine chochote. Mwombeni muuzaji asifungue madirisha kabla hamjafika, mfungue mlango wenyewe na mvute pumzi. Harufu ya uvundo kama wa pango haidanganyi, na manukato makali ndani ya gari lililofungwa yananitia shaka zaidi kuliko harufu yenyewe. Bonyezeni pembe zote za juu, pembeni mwa madirisha ya paani, chini ya kila dirisha, ndani ya makabati yaliyo juu ya dereva, nyuma ya taa za mkiani. Inueni magodoro. Vueni viatu mtembee polepole, hasa karibu na mlango na bafuni. Sakafu ikinepa au kulia chini ya unyayo, tabaka zake zimeanza kuachana. Kisha nunueni au azimeni kipima unyevu, ni kifaa kidogo cha kushika mkononi. Kikisoma chini ya asilimia 15, vizuri. Kati ya 15 na 20 ulizeni maswali na mpime tena mahali pale pale. Kikipanda juu ya 20 sehemu kadhaa, shukuruni kwa muda mliopewa, muage. Msikubali kuambiwa kwamba ni gundi kidogo tu inatakiwa. Kuziba ufa ni kazi ya siku moja, kujenga upya ukuta uliooza ni kazi ya wiki nyingi na gharama yake inaweza kukaribia bei ya gari.

Kuhusu injini nitasema machache kwa sababu fundi yeyote mwaminifu atawasaidia, na fundi huyo mtafuteni ninyi, asiletwe na muuzaji. Gusa boneti ukifika: injini iwe ya baridi, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wake wa kuwaka. Na msilewe na kilomita chache. Magari haya husimama miezi mingi kwa mwaka, na kusimama nako kunaua. Breki hushika kutu, sili, yaani mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, hukauka, mkanda wa taimingi ulio ndani ya injini huzeeka hata kama hauzunguki, ndiyo maana watengenezaji huweka ukomo wake kwa miaka na si kwa kilomita pekee. Tairi nazo ni hivyo hivyo. Zinaweza kuwa na meno mapya kabisa na bado zikapasuka mkiwa barabarani. Ubavuni mwa kila tairi, mwisho wa herufi za DOT, kuna tarakimu nne: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zikipita miaka sita au saba, hesabuni bei ya seti mpya ndani ya bei ya gari. Angalieni pia na tairi ya akiba.

Uzito nao hausemwi sana na wauzaji. Kwa miaka mingi barani Ulaya leseni ya kawaida imeishia kwenye gari la kilo 3,500, kwa hiyo magari mengi yametengenezwa yaingie chini ya kipimo hicho, hata yale makubwa ambayo hayana nafasi ya kubeba chochote cha maana. Chukueni mfano wa gari lenye kilo 3,050 likiwa tupu. Mmebakiwa na 450. Ninyi wawili ni kama 150. Tanki la maji la lita 100 ni kilo 100. Mitungi miwili ya gesi inaweza kufika 50. Bado viti, nguo, chakula, baiskeli. Na uzito ulioandikwa kwenye karatasi kwa kawaida ni wa siku lilipotoka kiwandani, kabla mwenyewe hajafunga turubai la ubavuni, paneli ya sola na betri ya pili. Lipelekeni kwenye mizani kabla ya kulipa. Gari lililozidi uzito huchelewa kusimama, na bima inaweza kuwageuka siku ya ajali.

Jokofu la gesi linahitaji saa nyingi kupoa, basi mwambieni muuzaji aliwashe kwa gesi usiku wa kuamkia siku mtakayofika, kisha muingize mkono ndani. Someni tarehe iliyochapwa kwenye mpira wa gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, huteremka sakafuni, ndiyo maana kuna matundu sakafuni ya kuitoa nje. Nimewahi kuona mtu ameyaziba kwa kitambaa ili baridi isiingie. Tafadhali msifanye hivyo kamwe. Na hata kama gari lina kila kitu, fungeni kengele mpya ya monoksidi ya kaboni, ile hewa ya sumu itokayo kwenye moto usioungua vizuri, kwa sababu hewa hiyo haina harufu na humkuta mtu usingizini.

Karatasi msizipuuze: namba ya chesisi kwenye chuma ilingane na ya kwenye hati, jina la anayewauzia liwe ndilo lililo kwenye hati, na mhakikishe gari halina mkopo unaodaiwa.

Baada ya hayo yote, laleni ndani. Simaanishi usiku, ingawa ingekuwa bora. Namaanisha hivi: vueni viatu, laleni wote wawili kitandani kwa nusu saa, kisha mmoja ainuke kama anayekwenda chooni saa nane za usiku, gizani. Kitanda kilichobanwa kwenye kona kinamlazimisha mmoja ampande mwenzake kila mara. Kitanda cha juu ya dereva kina ngazi, na goti la miaka 62 silo goti la miaka 70. Ulizeni tangi la choo linabebwaje: lita 20 zikijaa ni kilo 20, nazo hubebwa kwa mkono. Na kila mmoja wenu aliendeshe gari hilo, arudi nalo nyuma, alipaki. Nimemwona mama mmoja amekwama mbali na kwao, mumewe amelazwa, na yeye hajawahi kushika usukani wa lile gari hata siku moja.

Wekeni kando fedha ya matengenezo ya mwaka wa kwanza kabla ya kutaja bei. Kama gari linamaliza akiba yote, hilo si lenu, hata likiwa zuri namna gani.

Mimi na mke wangu tulipopata la pili, ambalo ni kavu na tunalo bado, tulikubaliana jambo moja kabla ya safari ya kwanza. Siku mmoja wetu atakaposhindwa kupanda kidaraja cha mlangoni bila kushikwa mkono, tunauza. Tuliandika hivyo kwenye daftari la matengenezo, ukurasa wa mwisho, tukatia saini sote wawili. Wiki iliyopita alinishika mkono mara moja, tukatazamana. Tumekubaliana kusubiri msimu mmoja zaidi.

Ni mimi, mzee mwenzenu.