Kijiti kikifeli msimrukie dada wa watu

Mhariri,

Huku Kisumu dada akishika mimba na ana kijiti cha kupanga uzazi mkononi, maneno yanaanza hapo hapo, ati alikitoa kisiri, ati anataka kumfunga mwanaume. Jameni! Hakuna njia ya kupanga uzazi ya asilimia 100, hata kijiti ambacho hushinda zingine, na vidonge hufeli kuliko kijiti, karibu wanawake 7 kwa kila 100 hupata mimba kwa mwaka vile watu huvimeza kawaida, leo umesahau kesho umechelewa.

Na kuna hii hatuambiwi vizuri: rifampisini ya TB na efavirenzi, ile ARV (dawa ya HIV) ya zamani, hufanya ini livunje homoni za kijiti haraka, kijiti kinapungua nguvu. Dolutegraviri, ile ARV ya siku hizi, haina hiyo shida. Sasa mbona dawa za TB zipeanwe chumba hiki, kijiti kiwekwe chumba kile, na hakuna anayeuliza mama unameza nini ingine? Wangemwambia mapema achukue sindano ya miezi 3 ama koili ya kopa. Na kondomu mpeane pia za wakati wa matibabu, TB yenyewe kawaida hutibiwa miezi 6.

Msomaji, Kondele, Kisumu