Barua kwa mwanangu: protini hufikaje kwenye sinapsi

Mwanangu Zawadi,

Jibu mlilopewa darasani, kwamba protini hutengenezwa kwenye mwili wa seli kisha husafirishwa, ni kweli, ila ni nusu ya habari. Sinapsi ni kiungo ambapo seli moja ya neva hupasha nyingine ujumbe.

Tazama neva ya mwendo inayoshuka hadi mguuni. Mwili wa seli yake, ulio ndani ya uti wa mgongo, una upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Aksoni yake, yaani mkia mrefu unaopeleka ujumbe, kwa mtu mzima hukaribia mita 1. Protini za utando na za vifuko vya sinapsi hufungashwa kwenye Golgi, kituo cha kufungashia cha seli, kisha kinesini, protini iliyo kama mchukuzi, huzikokota juu ya mikrotubuli, yaani reli nyembamba za ndani ya seli, hatua ya nanomita 8 kwa kila molekuli moja ya ATP, nishati ya seli. Kwa siku huenda milimita 200 hadi 400, kwa hiyo mzigo hufika ndani ya siku tatu hadi tano hivi. Vilivyochakaa hurudishwa kwenye mwili wa seli na mchukuzi mwingine, dainini.

Protini za kiunzi cha seli hujikongoja. Kwa mwendo wa milimita 1 kwa siku, mita moja huchukua karibu miaka mitatu, ilhali protini nyingi za sinapsi huishi siku au wiki chache tu.

Upande wa dendraiti, yaani matawi ya seli yanayopokea ujumbe, tatizo ni la anwani. Seli moja yaweza kuwa na maelfu ya sinapsi, na iliyochangamka ni hii hapa, wala si jirani yake. Mwaka 1982 watafiti Steward na Levy walionyesha kwamba ribosomu, mitambo ya kutengeneza protini, hujikusanya chini ya vimiba vya dendraiti, yaani vijinundu vinavyobeba sinapsi. Kumbe seli hupeleka pia mRNA, yaani nakala ya maelekezo ya kutengeneza protini, kama mtu anayepeleka mbegu shambani badala ya magunia ya mahindi. mRNA za CaMKII na Arc, protini mbili za sinapsi, husafiri zikiwa zimefungwa na protini zinazozuia zisisomwe njiani. Sinapsi ikichangamka, kizuizi hulegezwa, na protini hutengenezwa papo hapo. Protini iitwayo FMRP ni mmoja wa walinzi hao wanaozuia. Herufi za DNA CGG zikijirudia zaidi ya mara 200 kwenye jeni yake, jeni hunyamaza, mlinzi hukosekana, na protini hutengenezwa bila breki. Huo ndio ugonjwa wa X dhaifu (fragile X), unaodumaza akili, na wavulana huumia zaidi.

Sasa habari ya wodini, maana utaikuta. Vinkristini, dawa inayotumika kutibu limfoma ya Burkitt, aina ya saratani, kwa watoto, huzuia mikrotubuli kujijenga. Seli za saratani hushindwa kugawanyika, lakini usafiri wa aksoni nao hukwama, na neva ndefu ndizo huumia kwanza. Kwa hiyo pima mapema rifleksi ya kifundo cha mguu, mwambie mtoto atembee kwa visigino, na uulize kuhusu ganzi na choo kigumu. Usisubiri aanze kuburuta nyayo. Angalia pia kama anatumia dawa ya fangasi kama itrakonazoli: hupunguza kasi ya ini kuiondoa vinkristini, na sumu huongezeka. Na dawa hii ni ya mshipa wa damu peke yake. Ikichomwa kwenye maji ya uti wa mgongo huua.

Mama yako