Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Gari Letu na Kazi Iliyobaki

Ndugu wanachama, wazee walezi wetu, vijana mnaojifunza kazi, na majirani mliotuvumilia kwa kelele za grenda hadi magharibi, nawasalimu nyote.

Katiba yetu inanitaka nisimame mbele yenu mara moja kwa mwaka nieleze chama kimefanya nini. Hesabu za fedha atazisoma Mhazini baada yangu, na vitabu viko mezani kwa yeyote anayetaka kuvikagua. Mimi nitazungumzia zaidi gari tunaloliunda wenyewe hapa karakana, kwa kuwa ndilo lililobeba nguvu zetu mwaka huu, na kwa kuwa kuna jambo linalohusu gari hilo ambalo tumegawanyika. Ni haki yenu kuusikia msimamo wangu pamoja na sababu zake.

Hali ya gari ni hii. Chasisi imekamilika. Injini iko mahali pake na inawaka, giaboksi, propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) na difu (gia zinazozungusha magurudumu ya nyuma) vimeungwa, usukani unageuza, na magurudumu yote manne yamekanyaga chini. Bodi bado, rangi bado, taa za nyuma bado. Linatembea ndani ya uzio wetu tu.

Kwa wanachama wapya, nieleze kidogo tulikotoa wazo hili. Mwaka 1957 huko Uingereza, Colin Chapman alitoa gari dogo lililoitwa Lotus Seven. Lilikuwa fremu ya mabomba ya chuma iliyovikwa bati jepesi, uzito wake wote takriban kilo 500. Wengi walilinunua vipande vipande wakaliunga wenyewe nyumbani, kwa sababu gari lisilounganishwa lilikwepa kodi ya mauzo iliyotozwa kwa gari kamili. Mwaka 1973 haki za kuliunda zilichukuliwa na Caterham, na hadi leo aina hiyo inaundwa. Kutokana na hilo, mafundi wa mitaani sehemu nyingi za dunia wakajifunza kwamba mtu mwenye mashine ya kuchomelea, gari moja lililokufa na subira anaweza kuunda gari lake.

Hapa kwetu kusini jambo hilo si geni kama linavyosikika. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, matrekta yalikuwa haba baada ya vita, ikabidi vifaru vya Sherman vigeuzwe kuwa matrekta. Kampuni ya Vickers ndiyo iliyoifanya kazi hiyo, na mashine zenyewe zikaitwa Shervick. Mradi ule uliporomoka, na moja ya sababu ni kwamba wakubwa walikimbilia kulima kabla ya kupima udongo na mvua. Sisi ulituachia bandari ya Mtwara, pamoja na reli ya Nachingwea iliyokuja kung'olewa miaka ya 1960. Na pale Kibaha, Shirika la Nyumbu lililo chini ya jeshi letu limekwisha kuonyesha kwamba Mtanzania anaweza kubuni gari na kuliunda. Nayataja haya kwa sababu bado naulizwa sokoni kwamba ninyi watu wa Mtwara gari mtaliweza wapi.

Hatukuagiza kasha la vipande kutoka kiwandani. Tulichokuwa nacho ni pikapu ya Toyota TownAce iliyopinduka, bodi imekunjamana, lakini mtambo wake mzima. Wapo waliotaka tutafute injini ya kisasa yenye nguvu zaidi. Nashukuru kamati ya ufundi ilishikilia 5K, injini ya pikapu hiyo hiyo. Ni injini ya sentimita za ujazo 1,486, ya kabureta, haina kompyuta, na hakuna gereji kati ya hapa na Masasi ambayo haijawahi kuifungua. Pampu yake ya mafuta inaendeshwa na injini yenyewe, kwa hiyo injini ikizimika petroli nayo inaacha kusukumwa. Kwenye gari la majaribio, lenye mabomba ya mafuta yaliyofungwa kwa mikono yetu wenyewe, hiyo ni kinga kubwa. Tena nguvu za gari dogo zinatokana na wepesi wake. Injini iliyokuwa ikikokota pikapu na mzigo haitahangaika na kilo mia chache.

Chasisi tumeiunda kwa bomba la mraba la milimita 25 lenye unene wa milimita 1.6. Bomba jembamba hivyo linataka mkono mtulivu, kwani ukizidisha umeme linatoboka, ukipunguza kiungo kinashika juu juu na ndani hakuna kitu. Vijana wetu walianza na vipande vya majaribio, wakavichomelea, wakavipasua kwa msumeno na kuangalia ndani, hadi mkaguzi akaridhika. Kisha fremu nzima ikashikizwa kwa nukta tu, ikapimwa kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili, na vipimo vilipolingana ndipo ikachomelewa kwa kupokezana kushoto na kulia, maana moto ukikaa upande mmoja chuma kinavuta. Kila mraba mkubwa wa fremu umekatwa kwa bomba la mshazari ili pawe na pembetatu. Mraba mtupu hupinda ukisukumwa, pembetatu haipindi mpaka bomba lenyewe likatike au likunjike.

Sasa nifike kwenye kitu ninachokithamini kuliko injini: daftari la vipuri.

Kila kipande kilichoingia kwenye gari hili kimeandikwa kimetoka gari gani, kimenunuliwa kwa nani, siku gani, nani alikikagua na alikikuta katika hali gani. Tulipolianzisha, baadhi yenu mliona ni urasimu wa ofisini umeletwa gereji. Lakini biashara ya chuma chakavu ina watu wa kila namna. Wapo wanaoleta alama za barabarani, kingo za madaraja, hata vyuma vya nguzo za umeme. Kununua mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu hata kama wewe hukuiba, na zaidi ya sheria, kingo iliyotolewa darajani inaweza kumuua jirani yako usiku. Hatukununua chuma cha namna hiyo na hatutanunua. Muuzaji asiyetaka kuandikwa jina anarudi na mzigo wake.

Daftari hilo pia linatuambia kipi kisitumike mara ya pili. Mpira wowote wa breki ni mpya: hozi, sili, vifuniko vya vumbi. Boli jointi na ncha za usukani ni mpya. Matairi ni mapya. Boliti zote za usukani na za miguu ya magurudumu ni mpya, za daraja la ubora linalojulikana, na nati zake ni zile zisizofunguka kwa mtikisiko. Haya yamekula sehemu kubwa ya fedha, na Mhazini atawaonyesha. Naomba msinung'unike. Chuma kizito kama difu au bloku ya injini tunaweza kukiamini baada ya kukikagua. Mpira uliokaa miaka kwenye joto letu haukaguliki kwa macho.

Kwa upande wa chuma, mzee wetu mmoja aliyefanya kazi karakana za reli ujanani alitufundisha ukaguzi ambao wengi hatukuujua. Kipande kinasafishwa mpaka kinang'aa, kinalowekwa kwenye mafuta ya taa, kinatolewa na kufutwa kikavu kabisa, kisha kinapakwa unga wa chaki. Unasubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yanatoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Tulivikagua hivyo vile vyuma viwili vinavyobeba magurudumu ya mbele na kugeuzwa na usukani. Cha kulia kilibaki cheupe. Cha kushoto, pale shina linapokutana na mwili wake, ulijitokeza mstari mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha. Kwa macho matupu, hata kwa kidole, usingeuona. Kila mwanachama aliyekuwepo alishika kipande kile, na sasa kimetundikwa ukutani karakana, kimepakwa rangi nyekundu, ili asije mtu akakirudisha kwenye gari.

Propela nayo ilikuwa ndefu mno kwa gari letu, ikabidi ifupishwe. Tuliipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea, ikakatwa na kuungwa ikiwa imeshikwa sawasawa. Kuipima alitumia chaki pia: propela ikizunguka polepole, chaki inasogezwa taratibu hadi iguse, na panapopakwa ndipo palipotokeza. Ikarekebishwa hadi chaki ikachora duara kamili. Propela isiyonyooka hutikisa gari zima na kula bearingi za giaboksi.

Kuhusu breki, hapa ndipo tofauti zetu zilipoanzia, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Breki za nyuma za pikapu zimepangwa kwa gari lililobeba mzigo. Ukizihamishia kwenye gari jepesi kama letu, ukikanyaga kwa nguvu uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inabaki haina kitu, na magurudumu ya nyuma yanafunga kwanza, yaani yanaacha kuzunguka na kuburuzika. Gari lililofunga nyuma kabla ya mbele linageuka lenyewe, na hakuna dereva wa kulirudisha. Suluhisho la kamati ya ufundi ni kuweka silinda za breki ndogo zaidi kwenye magurudumu ya nyuma. Kutoka kipenyo cha milimita 19 kwenda milimita 16, msukumo unapungua kwa takriban asilimia 29, kwa sababu kinachofanya kazi ni eneo na si kipenyo. Hilo limefanyika. Majaribio yanaendelea kwenye kifusi ndani ya uzio, kwa mwendo mdogo, mtu mmoja akiendesha na wengine wakisoma alama za matairi. Alama za mbele lazima zianze kabla ya za nyuma, kila mara, gari likiwa na dereva peke yake na likiwa na abiria pembeni. Kwa dereva peke yake tumefika. Kwa watu wawili bado hatujaridhika.

Wanachama kadhaa, na wengi wao ni vijana walioifanya kazi kubwa kuliko sisi wazee, wanataka gari liendeshwe hadi Ngongo, Lindi, kwa maonyesho ya Nane Nane. Naielewa hamu yao. Wangependa watu wa Mikindani na Mingoyo walione likipita. Lakini gari hili halijasajiliwa, halina bima, halijakaguliwa na askari wa usalama barabarani, na breki zake hazijamaliza majaribio. Kutoka hapa hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 100, katika barabara yenye malori, bodaboda na watoto wanaotoka shule. Msimamo wangu, na wa kamati ya utendaji kwa wingi wa kura, ni kwamba gari liende Ngongo likiwa juu ya lori, limefungwa minyororo. Likifika lishushwe, injini iwashwe, watu waulize wanachotaka, na kile chuma chenye ufa kiwekwe mezani pembeni yake. Atakayeliendesha nje ya geti kabla ya usajili atakuwa amejitoa kwenye chama. Hili nalisema kwa upendo, na silirudishi nyuma.

Kuhusu bodi na rangi, nimeomba visubiri. Hewa ya bahari yetu haina huruma na bati. Kabla ya kufunika chochote, kila ncha ya bomba izibwe kwa kuchomelewa ili unyevu usiingie ndani, viungo vipakwe rangi ya kuzuia kutu, na sakafu iachiwe matundu ya kutoa maji. Dada yetu fundi cherehani ameshakata vitambaa vya viti, navyo vipo ndani vinasubiri.

Mambo mengine kwa ufupi. Mafunzo ya kuchomelea kwa vijana yaliendelea, yakasimama wakati wa kupulizia mikorosho salfa kwa kuwa nusu ya mafundi wetu walikuwa mashambani wakitengeneza mashine za kupulizia, kisha yakarudi. Paa la karakana linavuja upande wa ghala na litatengenezwa kabla ya masika. Ada bado inachelewa. Katibu Msaidizi anahamia Newala kikazi, nafasi yake itajazwa leo.

Kabla hatujapiga kura ninaomba vitu vitatu kwenu. Mwenye waya mnene wa ethi ulio mzima aulete, kwani injini imekaa kwenye mipira na bila waya huo umeme utatafuta njia ya kurudi kupitia kebo ya akseleta. Mwenye taa za nyuma za Hiace amwone mtunza ghala, na risiti yake mkononi. Na wawili kati yenu wenye leseni na macho mazuri wajitolee kusoma alama za breki Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Mwenyekiti,
Mtwara