Jina la mbwa wa umbo dogo: chagua ambalo akilisikia atageuka

Watu wakishachukua mbwa wa umbo dogo, iwe Chihuahua, Yorkshire Terrier (Yorkie), Pomeranian, Maltese au Shih Tzu, wakitutafuta swali la kwanza huwa ni tumwite nani, na wengi wanauliza juujuu tu, wanataka jina tamu la kuendana na ile sura kwenye picha, basi. Sisi kazi yetu ni kuogesha, kunyoa na kufundisha hawa mbwa wadogo, na tunaomba mlifikirie hili zaidi ya hapo. Mbwa wa kilo mbili tatu analindwa na jina lake kuliko mnavyodhani.

Tuanze na shingo. Mbwa mkubwa akielekea pabaya unamvuta kamba na maisha yanaendelea. Huyu mdogo bomba lake la hewa ni jembamba, limeshikiliwa na pete za gegedu (ule mfupa laini), na kwa Yorkie, Pomeranian, Chihuahua na Toy Poodle hizo pete zina tabia ya kulegea, bomba linabonyea na mbwa anaanza kukohoa kikohozi kikavu chenye mlio kama wa bata bukini. Kola ya shingoni ikivutwavutwa hali inazidi kuwa mbaya. Ndo maana kila mteja tunamwambia amvalishe mkanda wa kifuani, na ndo maana tunataka mbwa ageuke kwa kusikia jina lake kuliko kugeuzwa kwa kamba. Halafu ongeza na haya: anapita chini ya geti ambalo wewe unaona limefungwa, anachomoka mlango ukifunguliwa nusu, anajikuta katikati ya miguu ya mtu aliyebeba sufuria ya moto, anamfuata mbwa mwenye ukubwa mara kumi yake akidhani ni rafiki. Hapo mkono haufiki. Una sauti tu, na neno moja ambalo yeye analijua.

Kuna Yorkie mmoja aliitwa Smoky, alikutwa msituni New Guinea mwaka 1944 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na akawa wa askari Mmarekani anaitwa William Wynne. Uzito wake kilo 1.8 hivi. Baadaye kule Luzon, Ufilipino, jeshi lilitaka kupitisha waya wa simu chini ya uwanja wa ndege, kwenye bomba lenye urefu wa mita 21 hivi na upana wa kama sentimita 20, na kuchimba kungechukua siku kadhaa za kazi huku ndege zikiwa hatarini. Wakamfunga Smoky kamba nyembamba, Wynne akaenda upande wa pili wa bomba akawa anamwita, na yule mbwa akatembea gizani, sehemu nyingine udongo umejaa mpaka karibu na dari, akifuata sauti ya mtu wake mpaka akatokea. Tunapenda sana kuwasimulia wateja hii kwa sababu wengi wanaamini mbwa wadogo ni wa kubebwa na kubembelezwa tu, hawafundishiki. Yorkie mwingine, Bailey, watafiti wa Marekani walimpima na matokeo yakachapishwa mwaka 2012, alikuwa anajua majina ya vitu vya kuchezea zaidi ya 100, kila kimoja kwa jina lake. Kwa hiyo akili ipo, kazi ni kwetu sisi tunaoita.

Sasa jina lenyewe liweje. Fupi, silabi mbili, tatu ukizidi sana. Kiswahili hapa kinatusaidia mno maana maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, unaweza kulivuta jina mwishoni bila kulivunja, Kitooo, Dumaaa, Chikuuu, na mbwa aliye mbali anapata muda wa kujua sauti inatoka wapi. Mwanzoni mwa jina sauti kama k, t, ch, p ni nzuri, zinapasuka na zinashtua sikio, jina linaloanza kwa ulaini kama Hawa au Yaya linazama kirahisi kwenye kelele za nyumbani. Sio kwamba halifai kabisa, ila utafanya kazi zaidi.

Na namna ya kuita ina uzito sawa na jina. Mtafiti wa tabia za wanyama, Patricia McConnell, alirekodi watu wa lugha tofauti tofauti wanaofanya kazi na wanyama, akakuta mtindo unaofanana: sauti fupi fupi za kurudiarudia zinatumika kumchangamsha mnyama asogee, sauti moja ndefu iliyonyooka inatumika kumtuliza au kumsimamisha. Kwa hiyo ukimwita kwa sauti nzito ya kukoroma, "Kiiiiitoooo", usishangae akisimama pale pale akikuangalia. Hata ukilivuta jina mwishoni, mwite kwa uchangamfu. Kupayuka hakuna haja, masikio yake ni makali kuliko ya kwako. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland waliwasikilizisha mbwa majina yao huku nyuma kuna watu wanaongea, na mbwa waliyatambua majina yao hata pale yale maongezi yalipokuwa na ukubwa wa sauti sawa na jina, maongezi yalipozidi ndo wakashindwa. Maana yake ni kwamba kama nyumbani kuna redio juu na watoto wanabishana, punguza redio kwanza ndo uite.

Kitu ambacho watu wengi hawakifikirii kabisa ni jina kugongana na amri, na hapa ndo tunapoteza muda mwingi darasani. Mbwa hasikii maana, anasikia umbo la sauti. Ukimwita Lila halafu unataka alale, atakuwa anasikia lila, lala, lila, lala, na kila ukimwita anajilaza badala ya kuja, wewe unasema mkaidi. Jojo na njoo hivyo hivyo, yani hapo unaweza kudhani umepata bahati lakini ukija kusema "Jojo, kaa" umeshamchanganya, aje au akae? Sacha na acha. Kaya na kaa. Nana na hapana, hili ndo baya kuliko yote, mtoto wa watu anasikia hapana siku nzima na mwisho wake unasikika kama jina lake. Wanaoamrisha kwa Kiingereza nao waangalie, Neo na Bo zinagongana na no, Kit inagongana na sit. Njia rahisi ni kukaa chini kabla ya kuamua, andika amri zote mtakazotumia nyumbani, njoo, kaa, lala, acha, subiri, shuka, halafu lisome jina lako unalolipenda katikati ya hizo amri kwa sauti, haraka haraka, kama vile umekasirika kidogo. Kama ulimi wako unateleza, masikio yake yatateleza zaidi.

Vilevile majina ya watu wa nyumbani. Kama mtoto wenu ni Tina na mbwa mkamwita Lina, huyo mbwa ataitwa mara hamsini kwa siku bila kuitwa, na mbwa anayeitwa bila sababu anajifunza haraka sana kwamba ile sauti haimhusu. Mbwa wawili pia wasiwe Kito na Kita. Wape herufi ya kwanza tofauti na irabu tofauti, mfano Kito na Duma, kila mmoja ajue zamu yake.

Kuhusu rangi, subiri kidogo. Tunaona Yorkie wanaletwa wameitwa Usiku au Mkaa kwa sababu wamezaliwa weusi wenye kahawia kidogo, na baada ya mwaka mmoja au miwili ule weusi unageuka kijivu cha chuma. Poodle wengi nao wanafifia, na Pomeranian akifika miezi minne mitano anapukutisha manyoya ya utotoni, anakaa na mwonekano wa ajabu kwa muda na mengine yakija yanaweza kuwa na rangi nyingine. Mbwa haumii jina lisipoendana na rangi, ila wewe utakuwa unaelezea watu miaka 14 ijayo, maana hawa wadogo wengi wanaishi muda mrefu.

Majina makubwa kwa mbwa wadogo, Simba, Tembo, Jemedari, sisi hatuna tatizo nayo, mengi ni mazuri kuita na yanafurahisha. Tunachokikwepa ni majina ya vitisho, sijui Muuaji, sijui Ng'ata. Mbwa mwenyewe hajui, ila wageni wanajua, wanamkwepa au wanamchokoza, na mbwa mdogo anayekutana na watu wenye wasiwasi kila siku anaanza na yeye kuwa na wasiwasi, akibweka watu wanasema si unaona, jina lake. Upande wa pili yapo majina kama Beibi na Mtoto, hayana ubaya kisauti, lakini tunaona wenye majina hayo ndio wanaobebwa kutwa nzima, hawatembei, hawaitwi, hawajui kuja. Ukiamua hilo jina sawa, ila miguu yake ikanyage chini.

Kama mbwa ana cheti cha uzao atakuwa na jina refu la kwenye karatasi lenye jina la mfugaji ndani yake, hilo liache kwenye karatasi, la kumwita nyumbani ni lako kuchagua.

Mkishachagua, kubalianeni wote nyumbani. Bandikeni jokofuni jina moja, amri zile zile. Majina ya utani yatakuja yenyewe, hatuwezi kuwakataza, ila subirini mpaka la kwanza limeshika.

Kumfundisha jina sio kazi kubwa. Chuchumaa au kaa sakafuni, maana ukisimama kwa mbwa wa sentimita 20 wewe ni mnara. Chukua punje kadhaa za chakula chake cha siku hiyo hiyo, zikate ziwe ndogo kama punje ya mchele. Subiri asikuangalie, sema jina mara moja tu. Akigeuza kichwa, hata sikio tu mwanzoni, sema "safi" palepale na mpe punje. Rudia mara tano mpaka kumi halafu achana naye, dakika mbili zinatosha, fanya hivyo mara kadhaa kwa siku. Asipogeuka usirudie jina kama wimbo, sogea karibu, gusa sakafu, toa mlio mdogo wa mdomo, akiangalia ndo umpe. Ukishaona anageuka kila mara sebuleni hamia uani, kisha nje akiwa na kamba ndefu, kisha mahali penye watu. Zawadi zisizidi asilimia 10 ya chakula chake cha siku, mwili mdogo unanenepa kwa vitu vidogo. Na tafadhali, mtu asije kukuambia umshindishe njaa ili afundishike, vitoto vya mbwa wa umbo dogo sukari yao ya mwilini inashuka haraka wakikosa mlo, anaweza kulegea na hata kudondoka.

Halafu lindeni hilo jina. Hili tunalisema kila darasa na bado kila wiki tunaona mtu anapiga kelele "Kito! Kito! Umefanya nini hapa Kito!" akinyoosha kidole kwenye mkojo. Siku tatu za hivyo na Kito akisikia jina lake anaingia chini ya kochi. Kama kuna la kukataza, tumia neno la kukataza, jina liache nje. Ukitaka kumkata kucha au kumwogesha, usimwite, mfuate alipo yeye umchukue taratibu. Akija ulipomwita, hata kama amechelewa, hata kama ametoka kutafuna kiatu chako, apokewe vizuri. Tunajua inauma, kiatu ni pesa. Lakini kesho anaweza kuwa barabarani ukamwita.

Waliochukua mbwa mkubwa kiumri mwenye jina tayari, mnaweza kulibadilisha bila wasiwasi, na kama mnahisi la zamani alikuwa akipigiwa nalo kelele, libadilisheni leo. Fundisha jipya kama tulivyoeleza, au kwa siku chache za mwanzo sema jipya kisha la zamani, halafu la zamani ulitoe polepole. Mbwa asiyegeuka kwa jina lolote, wala kwa sauti ya mlango, wala kwa sahani ya chakula, apelekwe kwa daktari wa mifugo akapimwe masikio kabla hamjamwita mkaidi.

Jina likishakaa, liandikwe kwenye kibati cha mkanda wake pamoja na namba ya simu, ya simu ikiwa kubwa zaidi ya jina. Kama ana chipu ya utambulisho iliyowekwa chini ya ngozi, ile namba ya tarakimu 15 haisemi chochote yenyewe, inafungua kumbukumbu zilizosajiliwa, kwa hiyo mkibadilisha jina la mbwa au namba ya simu, sasisheni na huko.

Kwetu somo la jina ndo la kwanza kwenye darasa la vitoto vya mbwa, tunapokea akishamaliza chanjo ambazo daktari wake amesema zinatosha kumtoa nje. Kama bado mmegawanyika nyumbani njooni na majina mawili au matatu, tutayaita yote mbele yake pamoja na amri zenu, na njooni na wote watakaokuwa wanamwita, watoto pia, na punje za chakula chake mwenyewe kwenye kimfuko.