Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Bima ya Fidia kwa Wafanyakazi Wetu Hapa Ohio

Ndugu wanachama,

Namshukuru Mungu aliyetukutanisha tena, na nawashukuru mliotoka Dayton, Akron na Cleveland kuja Columbus siku yenu ya mapumziko. Habari za misiba, harusi na ukumbi zimo kwenye taarifa ya katibu. Mimi nitautumia muda wangu karibu wote kwa jambo moja, kwa sababu ndilo lililoipigisha simu ya kamati mwaka mzima: bima ya fidia kwa wafanyakazi, ile inayomlipa mfanyakazi akiumia kazini.

Wengi wetu tunaingia na mazoea ya tulikotoka. Waliohamia hapa kutoka Texas wamezoea mwajiri binafsi kujiamulia kama ataikata au ataiacha. Waliofanya biashara Nairobi wanajua kampuni za bima zinavyogombania wateja wa WIBA, sheria ya Kenya ya fidia kwa wanaoumia kazini. Wa Dar es Salaam wanajua WCF, mfuko mmoja wa serikali wa fidia kwa wafanyakazi, na kwa kweli Ohio inafanana zaidi na Dar. Ni moja ya majimbo manne tu Marekani, pamoja na Washington, North Dakota na Wyoming, ambako kampuni binafsi haziruhusiwi kuuza bima hii. Tunainunua kwa ofisi ya jimbo ya fidia kwa wafanyakazi, ile tunayoiita BWC. Makampuni makubwa mno yanaweza kupewa ruhusa ya kujibebea yenyewe gharama za wanaoumia, lakini humu ukumbini sioni kampuni ya namna hiyo. Kwa hiyo ajenti akikufuata na bima ya wafanyakazi ya bei ya kutupa, mwulize ni ya jimbo gani.

Mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja tu tayari anabanwa na sheria. Anayefanya kazi peke yake kwa jina lake, au wabia wawili wasio na mfanyakazi, si lazima wajikatie wenyewe, ila wakitaka wanaruhusiwa. Wachungaji wetu nao: mchungaji mwenyewe halazimiki kuingizwa, lakini yule mama anayelipwa kusafisha kanisa anahesabika. Hata msaidizi wa nyumbani, ukimlipa dola 160 au zaidi ndani ya miezi mitatu ya robo mwaka, wewe ni mwajiri.

Sasa gharama, maana hapo ndipo kelele zilipo. Maombi ya kufungua bima ni dola 120. Baada ya hapo unalipa kwa kila dola 100 za mishahara, kulingana na aina ya kazi. Karani wa ofisini anakugharimu senti. Fundi wa mapaa anakugharimu dola kadhaa. Chukua mfano: kazi yako ikipangiwa dola 2 na ukalipa mishahara ya dola 80,000 kwa mwaka, bima yako ni dola 1,600 kabla ya mapunguzo. Viwango vya waajiri binafsi vimekuwa vikishuka: wastani wa asilimia 7 Julai 2024, na asilimia 6 Julai 2025. Anayesema bima inapanda kila mwaka aangalie kwanza kama si wafanyakazi wake walioongezeka, au ajali zake.

Maoni yangu ni kwamba ada yenyewe haijamfilisi mtu hapa. Kinachotuumiza ni bima kukatika bila mwenyewe kujua. Mwaka wa bima huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Mwanzoni unalipa kwa makadirio, kisha unaripoti mishahara uliyolipa hasa ifikapo Agosti 15. Wengi wanalipa makadirio wakadhani wamemaliza. Mwezi Novemba tuliingia kwenye saluni ya mwanachama mmoja, cheti chake cha bima kimebandikwa vizuri kando ya kioo kama sheria inavyotaka, nyuma ya mafungu ya nywele za kusukia. Kilikuwa cha mwaka uliopita. Wasusi watatu walikuwa kazini chini ya karatasi iliyokufa.

Hasara yake ni hii. Mtunzaji wa wazee anayelipwa dola 700 kwa wiki akiumia mgongo wakati anamwinua mgonjwa kitandani, kwa wiki 12 za kwanza analipwa asilimia 72 ya mshahara wake, yaani dola 504 kwa wiki, kisha theluthi mbili ya wastani wa mshahara. Wiki hizo 12 peke yake ni zaidi ya dola 6,000, na hospitali bado. Bima ikiwa hai, wewe unaendelea na kazi zako. Ikiwa imekatika, BWC inamlipa mfanyakazi aliyeumia, kisha inakudai wewe dola kwa dola. Tena unapoteza kinga ambayo bima hai hukupa, ya kutoshtakiwa na mfanyakazi mahakamani kwa uzembe.

Nije kwenye jambo ambalo najua litawaudhi baadhi yenu. Biashara zetu zinaendeshwa na undugu. Mpwa amefika juzi, anakaa kwako, anakwenda na wewe kupaka rangi, Ijumaa unampa pesa mkononi. Ukiulizwa unasema ananisaidia tu. Sheria ya Ohio haiangalii kama ni mpwa. Inaangalia kama yumo katika kazi yako na unamlipa. Inataja waziwazi wageni na watoto kuwa ni wafanyakazi, kwa hiyo karatasi zake za uhamiaji si kisingizio chako. Na fomu ya 1099, ile ya kodi anayopewa mkandarasi badala ya mfanyakazi, si dawa. Kwenye ujenzi kuna orodha ya vigezo 20: nani anapanga saa, nani anatoa vifaa, nani anaweza kumfukuza mwingine. Vikitimia 10, huyo ni mfanyakazi wako, hata kama mlisainiana kwamba ni mkandarasi. Nimewasikia wanachama wakipeana fomu hizo kama njugu. Mnawaonea ndugu zenu, maana mwaka mmoja tangu kuumia ukipita bila kufungua dai, haki yake imekwenda, na wengi wananyamaza wasimwaibishe mjomba.

Kamati imeulizwa mara nyingi kwa nini chama kisiunde kundi lake tupate punguzo la pamoja. Tumelifuatilia. Sheria inataka kundi liwe na waajiri wasiopungua 100, au ada zao zikijumlishwa zizidi dola 150,000, na biashara zao ziwe za aina inayofanana. Sisi tuna malori, saluni, usafi, vituo vya watoto na huduma za wazee, hatufanani kabisa. Ushauri wa kamati ni kila mmoja ajiunge na kundi lililopo la wenye biashara kama yake. Lakini kumbukeni, bima iliyokatika kwa muda mrefu hukufungia mlango huko pia.

Kwa mwaka ujao napendekeza mambo mawili, na nitaomba yapigiwe kura. Kwanza, Jumamosi mbili za mwezi Julai tukutane na kompyuta zetu na vitabu vya mishahara, tufanye marekebisho ya mwaka, yaani ile ripoti ya mishahara tuliyolipa hasa, kwa pamoja kabla ya Agosti 15. Wanachama wawili wahasibu wamekubali kusaidia bila malipo, na ndugu zetu Wakongo watapata wa kuwaeleza kwa Kifaransa. Pili, mwanachama anayeomba chama kimtafutie wafanyakazi alete kwanza nakala ya cheti kilicho hai. Najua pendekezo hili la pili lilizua ubishi kwenye kamati, na wajumbe waliolipinga wako hapa. Nawaomba waseme sababu zao kabla hatujapiga kura.

Namkaribisha mhazini.