Tunagonga mlango usio wenyewe

Mhariri,

Juzi mama mmoja jirani yangu hapa Houston, mwenyeji wa Bukavu, aligongewa gari kwenye maegesho ya jengo letu. Aliyegonga akatimka. Namba niliiona, nikaiandika nyuma ya risiti ya unga. Nilipotoa simu nipige 911 kuita polisi, mama akanishika mkono: "Acha tu, papa. Taa nitanunua." Mwanawe angali anangoja kesi ya hifadhi ya ukimbizi, naye mama anaogopa polisi wakija, uhamiaji nao watafuata.

Wenzetu wakisikia kisa hiki humlaani rais. Naona tunagonga mlango usio wenyewe. Tangu 1997, katika kesi ya Printz, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa serikali ya shirikisho kumtumikisha sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. Hata ile karatasi ya ICE, idara ya uhamiaji ya shirikisho, ya kutaka mtu ashikiliwe hadi saa 48 baada ya muda wake wa kuachiwa, ni ombi. Anayeligeuza kuwa amri kwetu ni Bunge la Texas: sheria ya SB 4 ya 2017, halafu SB 8 ya 2025, iliyotiwa saini na Gavana Greg Abbott, inayowataka masherifu wenye jela waingie mkataba wa 287(g), yaani askari wao wafanye sehemu ya kazi ya uhamiaji. Illinois na California zimetunga sheria za kinyume kabisa.

Ingawa hata huko tusidanganyane. Ukishaingizwa jela, alama za vidole huenda FBI, na kutoka hapo huwafikia watu wa uhamiaji. Na kuingizwa jela si kazi. Mwaka 2001 mahakama hiyohiyo, kwa kesi iliyotoka mji mdogo wa Lago Vista, hapahapa Texas, ilisema askari anaweza kumtia mtu pingu kwa kutofunga mkanda wa gari. Mkanda!

Sisi tuliokwisha kula kiapo cha uraia hujipanga foleni kila miaka 4 kumpigia rais kura, kisha tunalala. Bunge la Texas, kule Austin, hukutana Januari, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana, kwa siku 140. Nimeuliza kanisani kwetu nani anamjua mbunge wake wa huko. Mmoja tu alinyoosha mkono, naye akanitajia wa Washington.

Ile risiti ninayo bado.

Msomaji wenu,
Houston, Texas